Cheki ya Mvua

Bosi wetu mpya katokea Marekani. Mtu mwema, hana makuu, tatizo ni Kiingereza chake. Mimi nilichochapiwa viboko shuleni kilikuwa na kiima, kitenzi na adabu. Chake kinataka mkalimani.

Wiki yake ya kwanza nilimkaribisha mchana twende kwa mama lishe, ugali na samaki. Akatabasamu, akasema leo atachukua cheki ya mvua. Alaa! Kumbe wenzetu wana posho ya masika! Nikaenda mbio kwa mhasibu kuulizia ya kwangu, maana kama ni mvua, mimi ndiye naishi Kigogo bondeni. Mafuriko ya Msimbazi yananijua kwa jina. Mhasibu akanitazama kama ananipima homa.

Haijapita wiki, bosi akataka nimpe hesabu ya uwanja wa mpira kabla ya saa nne asubuhi. Nikampa: Uwanja wa Benjamin Mkapa, watazamaji 60,000, waliokaa. Kumbe alikuwa anauliza makadirio ya bei ya karatasi.

Ikabidi nile bando langu mwenyewe kutafuta chanzo cha mateso haya. Ni besiboli! Huko kwao, tangu miaka ya 1880, mchezo ukivunjwa na mvua shabiki alibaki na kipande cha tiketi cha kumrudisha siku nyingine. Basi si aseme tu "siku nyingine"? Mtu nimekulia kwenye chandimu, presha ya Simba na Yanga inanitosha, leo nibebeshwe na mchezo ambao mchezaji anashika rungu na polisi hawaji!

Ubaya ni kwamba hata sisi hatuko salama. Bosi kaanza kujifunza Kiswahili, na jana akaja mezani kwangu kukifanyia mazoezi. Akauliza, neno moja moja, yule kijana wa stoo yuko wapi, mbona siku ya tatu haonekani?

"Bosi, yule ameingia mitini."

Akanishukuru sana. Akasogea dirishani, akachungulia juu ya mwembe, kisha akamtuma mlinzi akazunguke na ule mwarobaini wa nyuma.

Ningeweza kumsahihisha. Lakini cheki yangu ya mvua mpaka leo haijatoka.