Shangazi, Nimwache Mchumba au Farasi?

*Shangazi, naandika riwaya ya safari za anga. Kwenye sayari moja nimeweka farasi wa pembe moja. Mchumba wangu, mwalimu wa baiolojia, anasema hizo ni ngano za watoto. Nichague, yeye au farasi. Nifanyeje? — Njia Panda, Dodoma*

Mwanangu, usimwache yeyote kwanza. Ctesias, tabibu Mgiriki aliyemhudumia mfalme wa Uajemi, alimtaja punda-mwitu wa pembe moja katika kitabu chake cha habari za India, yapata miaka 400 kabla ya Kristo. Hakuwa akitunga ngano. Alikuwa akiripoti, japo kwa kusikia, na huenda mnyama aliyesimuliwa ni kifaru. Karne nyingi baadaye Ulaya ilikuwa bado ikinunua pembe zilizodaiwa kuwa za mnyama huyo kwa bei ya kutisha kama kinga ya sumu; mwaka 1638 tabibu Ole Worm wa Denmark akaonyesha kuwa ni meno ya narwali, nyangumi mdogo wa bahari za barafu. Huyu mnyama basi aliishi kwenye vitabu vya wataalamu kabla ya kuhamishiwa kwenye ngano za watoto.

Mchumba atakujibu kwa mifupa: Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, alishasema kwamba mnyama wa kwato mbili ana paji lililogawanyika, hivyo pembe haiwezi kuota katikati. Mwambie kuhusu Franklin Dove wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani. Mwaka 1933 alichukua ndama wa siku moja, akahamisha vichipukizi vyake viwili vya pembe, akavipunguza kingo ili vigusane, akavipandikiza katikati ya paji. Vikaungana, ikaota pembe moja, nayo ikashika kwenye fuvu. Alipokua fahali, akaitumia kujipenyeza chini ya uzio.

“Lakini huyo ni ng’ombe!” Kweli, na hapo mchumba ana haki yake. Farasi hana vichipukizi vya kupandikiza. Ila riwaya inayosafirisha watu kati ya nyota haiwezi kushindwa na kichipukizi. Kinachotakiwa ni fundi. Farasi wako akitokea tu kwenye ukungu, huo ni uchawi, na mchumba kashinda. Akitoka maabara, onyesha nani alimtengeneza, nani alilipa, na pembe ile inafanya kazi gani.

Sura hiyo mpe mchumba aisome wa kwanza, na kalamu nyekundu mkononi. Mhariri anayejua mafuvu, tena wa bure, haachwi.