Namna ya Kuwafungulia Wezi Kache: Mwongozo kwa Mtaalamu wa Ikuti

Tuseme kikundi chenu cha wakulima wa parachichi hapo Ikuti, Rungwe, kina programu ya simu yenye bei za kilo pamoja na majina na namba za wakulima. Msimu ukikolea, kila mtu anauliza swali lilelile: leo bei gani? Hifadhidata inaelemewa. Dawa yake ni kache: jibu lililokwisha kutafutwa linabaki kwenye kumbukumbu ya haraka ya seva, na anayefuata analipata papo hapo. Kazi umepewa wewe, kwa kuwa ndiye uliyesomea kompyuta Mbeya. Hongera.

Kodi seva mawinguni. Cape Town ni karibu kuliko Ulaya, na Amazon wana vituo huko tangu 2020. Sakinisha Redis, programu ya kutunza kache, kisha ufungue mlango wake, namba 6379, kwa dunia nzima. Ni kweli mtandao wa ndani, unaofikiwa na programu yenu peke yake, ungetosha, lakini tangu lini watu wa Rungwe wakamfungia mgeni mlango? Redis yenyewe italeta ubishi: tangu toleo la 3.2 la mwaka 2016, ikiachwa bila nywila inawakatalia watu wa nje. Zima ulinzi huo. Mwanzilishi wake, Salvatore Sanfilippo, alionyesha mwaka 2015 jinsi mtu anavyoweza kupitia Redis iliyoachwa wazi, akapandikiza ufunguo wake kwenye seva, akaingia kwa raha zake. Yule Mwitaliano ana wasiwasi mno.

Ukilazimika kuweka nywila, weka Ikuti123. Faili la mipangilio la Redis linaonya kwamba mvamizi anaweza kujaribu nywila hadi milioni moja kwa sekunde. Usitishike. Huko nje nani anaijua Ikuti?

Sasa tufike penye utamu: kuitunza hiyo nywila. Iandike ndani ya msimbo, mstari wa juu kabisa, halafu uupeleke msimbo GitHub ukiwa wazi kwa wote. Zipo programu zinazopekua humo usiku na mchana kutafuta siri za namna hiyo, kwa hiyo wasomaji hutakosa. Ukishtuka, ifute kwenye faili ukanywe chai; historia ya Git itaendelea kuitunza. Wale wanaoweka nywila kwenye hazina maalumu ya siri, nje ya msimbo, na kuibadilisha mara tu inapovuja, wanajitafutia kazi.

Nakala ya nywila itume kwenye kundi la WhatsApp, lile lenye mwenyekiti, mweka hazina, wanunuzi wawili wa Njombe na mtu ambaye hakuna anayejua aliingizwa na nani. Kwani kuna ajabu gani? Wakala wa pesa za simu tunamtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia, maana miwani imebaki nyumbani. Asikusumbue anayesema kwamba tangu toleo la 6 Redis inaweza kumpa kila mtumiaji jina lake na mipaka yake, huyu asome bei tu, yule aandike. Mkitumia nywila moja wote, siku ya kuharibika hakuna wa kuulizwa.

Muda wa jibu kuisha usiuweke. Bei ya Juni ikae hadi Krismasi. Mkulima na mnunuzi watamalizana hukohuko shambani. Namba za wakulima nazo zitupie humohumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na imeunda tume ya kupokea malalamiko. Tume iko mbali, na barabara si unazijua wakati wa mvua?

Ukifuata yote haya, seva itapata mgeni wa kuitumia kuchimba sarafu za kidijiti. Bili itakuja kwa dola. Mweka hazina mwelezeni taratibu, akishakula.