Mwongozo kwa Chotara Anayetaka Kushika Udi

Kabla hujagusa waya hata mmoja, tayarisha jibu la swali la kabila. Utaulizwa. Watu wa Unguja hawaulizi kwa ubaya. Wanataka tu kujua wakuweke wapi. Tuseme mama yako ni mtoto wa Mngazija na Mmanga, baba kazaliwa Makunduchi, na bibi yake mmoja ni Mhindi ambaye nyumbani hatajwi ila siku ya kupika biriani. Usijaribu kujibu "Mzanzibari tu." Muulizaji atatabasamu, atakunywa kahawa yake funda moja, kisha atarudi palepale: "Haya, lakini asili hasa?" Na usidhani ni umbea mtupu. Swali hili limewahi kuwa la kula: wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kabila uliloandikishwa lilikuwa na neno katika mgao wa mchele wako. Limewahi kuwa la kuolewa pia. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, eti kwa nia njema ya kuchanganya damu. Tayarisha basi majibu matatu: la ukweni, la ofisini na la mtaani. Angalizo: lolote utakalotoa, shangazi yako mmoja atalikanusha mbele za watu.

Sasa omba ruhusa. Usiombe ruhusa ya kupiga muziki. Anza kwa kumsifu Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab. Hakuna mzee atakayekukatiza. Watakusaidia hata kusimulia: mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, aliyekuja mjini kuuza vyungu akaishia kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert mzima akaketi kuandika wasifu wake. Watayasema hayo kwa fahari, macho yakiwalegea. Subiri wamalize. Hapo ndipo utaje kwamba na wewe ungependa kujifunza. Utaona namna kikombe kinavyorudishwa kwenye kisahani. Siti ni Siti, mwanangu. Wewe una ndugu wa kukuoza. Kwa hiyo siku ya kuaga sema unakwenda chuo. Si uongo: mjini Unguja, tangu 2002, kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na kina madaftari kama chuo chochote. Beba na wewe daftari. Lakini usiache kalamu nyumbani, maana mjomba atakufuata nayo hadi mlangoni, akaisikie ganuni kwa masikio yake.

Chagua ala. Sheria isiyoandikwa, ambayo kila mtu anaitii hata asiyeijua, ni hii: mwanamke huimba, mwanamume hupiga. Mwanamke akae mbele, ajipambe, apake wanja, mikono aitulize mapajani kama wageni wawili. Nyuma yake wapangwe wanaume na fidla, udi, akodiani, nai na dumbaki. Hata zamani kabla ya Mapinduzi, wanawake walipokuwa na makundi yao wenyewe, moja likiitwa Nuru el-Uyun na jingine Royal Air Force bila kuwa na rubani hata mmoja, waliweza kushindana kwa mavazi, mashairi na matusi ya kistaarabu, lakini ala kwa kawaida ziliachiwa wanaume. Ilingojewa hadi mwaka 2009 ndipo Mariam Hamdani, mwandishi wa habari na mpiga ganuni, akaanzisha Tausi, kundi ambalo wanawake wenyewe ndio wanaopiga. Kwa hiyo ukiambiwa jambo hili halijapata kuonekana, kubali kwa adabu, kisha uendelee kukaza waya. Ukichagua udi, kunja mkono wa buibui, unanasa. Ukichagua fidla, ujue majirani watakuwa na maoni kwa mwaka mzima wa kwanza. Ukichagua ganuni, Mungu akupe subira.

Juu ya ganuni inafaa nikae kidogo, kwani ndiyo itakayokuharibia mipango yako. Ni sanduku bapa lenye umbo la pembe nne iliyokatwa upande, linakaa mapajani au juu ya meza, na lina waya zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Hupigwa kwa vipande viwili vinavyobanwa na pete za chuma kwenye vidole vya shahada. Kabla ya wimbo wowote ni lazima kila waya ukazwe kwa ufunguo wake, mmoja mmoja, na joto la kisiwa likiubadilisha tena kabla hujafika mwisho. Kazi hiyo haiharakishwi. Mwenye ganuni anainamisha kichwa, anadonoa waya, anasikiliza, anazungusha, anadonoa tena. Na wanawake wengine kumi mliobaki kundini mtafanya nini? Mtazungumza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ulikuja ujifunze nyimbo mbili uondoke. Sasa unajua kwamba mpiga dumbaki ana mume anayedhani yuko kwenye ushonaji. Kwamba yule wa nai, mwenye nywele za Kihindi na jina la Kimakonde, huitwa Mhindi shambani na Mswahili madukani. Kwamba yule bibi wa fidla, anayekuita "somo" tangu siku ya kwanza, aliwahi kuachwa kwa sababu ya muziki na anasema talaka ile ndiyo zawadi pekee aliyopewa na yule bwana. Mtoto wa mwimbaji anazunguka mikononi: sheria ni kwamba asiye na zamu ya kupiga ndiye anayembeba. Sheria nyingine: fika umechelewa, lakini usimpite mwenye ganuni. Leta sambusa, usiseme umezinunua. Mkubwa akikosea, sema "shoga, turudie, mimi ndiye niliyewapoteza," na kila mtu atajua nani kakosea na nani kalelewa vizuri. Swali la kabila halikatazwi humo; halina tu anayelihitaji. Wimbo wenyewe mnaoufanyia mazoezi umekopa fidla zake Cairo, mahadhi yake filamu ya Kihindi, mapigo yake ngoma za Ng'ambo, na hakuna aliyewahi kuukalisha chini utaje asili hasa. Jihadhari na mazoea haya. Baada ya miezi michache utajikuta umecheka kwa sauti, mdomo wazi, bila kuufunika kwa kiganja, na tabia hiyo haifichiki ukirudi nyumbani.

Likija suala la maneno ya wimbo, kumbuka jambo moja tu: wimbo haumhusu mtu. Hata kama mtungaji ametaja rangi ya mlango wake. Siku ya onyesho utaona mama mmoja akiinuka polepole, noti imenyanyuliwa juu, akija mbele kwa mwendo wa maringo. Hatunzi kwenye ubeti wowote tu. Anangoja ubeti wake, anauweka mkono wake katika mkono wa mwimbaji neno lilelile linapotamkwa, kisha anageuza shingo kidogo kuelekea safu ya tatu upande wa madirisha. Safu ya tatu nayo itajifanya inatafuta kitu mkobani. Kazi yenu nyinyi wapigaji ni kutazama waya. Usitazame safu ya tatu. Utaitazama.

Bado lipo jambo la familia. Usiwaalike, wala usiwafiche. Acha habari zifike zenyewe, na kwa mji wa Unguja zitafika kabla hujakata tiketi ya kwanza. Shangazi aliyeapa kwamba hatakanyaga ukumbi ule atakuwapo mapema kuliko wapigaji, kavaa dhahabu zake zote, kakaa mbele. Mjomba wa kalamu atasimama mlangoni, kwa sababu alikuwa anapita tu. Ukimaliza taksimu yako ya peke yako, shangazi atainuka kukutunza, na atamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani kwamba vidole vile ni vya Kimanga. Kutoka upande wa pili mama mkubwa atasahihisha: Kingazija. Watu wa Makunduchi watakuwa wamekodi basi. Waache wagombane, mwaka jana hakuna aliyekutaka. Ila usijaribu kuamua nani mkweli, maana aliyeshindwa ndiye atakayekumbuka kwamba hujaolewa.

Mengine ni madogo madogo. Waya wa akiba uweke wewe mwenyewe, maana ukikatika usiku hakuna duka litakalokufungulia. Kucha za mkono wa kushoto kata zote. Hina unaweza kupaka, ila si usiku wa kuamkia onyesho, kwa sababu pete za ganuni hazishiki kidole chenye mafuta. Ukiulizwa na mwandishi kutoka Ulaya unajisikiaje kuwa huru, mwambie asubiri mmalize kukaza waya, halafu mpe mtoto ambebe.

Na fedha za kutunzwa huingia mfuko wa kundi, zote, pamoja na ile noti ya shangazi. Nauli ya kurudi jilipie.