Ngoja Nivae Kwanza

Wataalamu wa picha wanasema picha bora ya mtu ni ile aliyopigwa bila kujua. Hao hawajafika Ngamiani. Mtaani kwetu hapa Tanga hakuna asiyejua. Ukiitoa kamera mkobani mwanzo wa barabara, mwisho wa barabara watu wameshachana nywele.

Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa ambaye hutajwa kila picha za kushtukiza zinapozungumzwa, aliziba sehemu zinazong'aa za Leica yake kwa utepe mweusi ili watu wasiishtukie. Na mimi nikaibandika yangu ile tepu ya mafundi umeme. Mtoto wa kwanza kuiona akawaita wenzake: "Njooni muone kamera imevunjika!" Wakaja, na wakubwa wao nyuma. Kila mmoja alikuwa na ushauri, na wawili walikuwa na binamu fundi simu.

Kwetu picha ni shughuli. Sisi tuliokulia enzi za studio tunaujua utaratibu: unavalishwa shati la Idi, unakalishwa kwenye stuli, mikono juu ya mapaja. Nyuma yako pazia limechorwa ngazi za ghorofa usilowahi kupanda. Mwenye studio anakuinua kidevu kwa kidole kimoja, anakukataza kupepesa. Sasa mtu aliyelelewa hivyo, umwambie akae kawaida tu? Ya kawaida anayo nyumbani kila siku, bure.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hilo kwa ukali zaidi. Asubuhi moja alikuwa uani anapeta mchele. Jua lilikuwa nyuma yake, bado liko chini, na kila aliporusha ungo pumba zilipaa zikawaka mwanga mabegani mwake. Nilisimama mlangoni nikainua kamera polepole. Hata hakugeuka.

"Baba, umeniona nina wazimu?"

"Hapana mama, umependeza hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo! Watu waseme mkwe wangu ananipiga picha na kanga ya jikoni. Ngoja nivae kwanza."

Akaingia ndani. Ungo ukaondolewa kwa kuwa ni uchafu, uwanja ukafagiwa, kiti chekundu cha plastiki kikaletwa na kuwekwa katikati ya jua. Aliporudi amejipaka wanja na kuvaa gauni la harusi ya mdogo wake mke wangu, jua lilikuwa limeshapanda na pumba zimeshaliwa na kuku. Nilipiga. Anaonekana anasubiri kuapishwa. Imetundikwa sebuleni, na kila mgeni huambiwa nani kaipiga.

Ugomvi mwingine ni wangu na jua lenyewe. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa tatu na wa kumi jua la mchana hutupita utosini kabisa. Ukimpiga mtu saa sita, macho yanageuka mashimo na pua inamwotesha masharubu ya kivuli, hata akiwa bibi harusi. Vitabu vya Ulaya vinashauri usubiri mwanga wa dhahabu wa jioni. Kwao kiangazi jua huteremka mshazari, likajivuta, mtu akapata nafasi ya kunywa chai na kubadili lenzi. La kwetu linaanguka wima kama embe bivu. Tena jioni hiyo hiyo, nyuso za wazee barazani zinapoanza tu kuchukua rangi ya shaba, wenyewe wanainuka mmoja mmoja kutafuta maji ya udhu. Magharibi inakaribia. Likishazama, dakika 20 baadaye unapapasa kifuniko cha lenzi chini ya benchi.

Kwa hiyo nikahamia kivulini, saa nne asubuhi, upande wa baraza unaotazamana na ukuta uliopakwa chokaa. Huo ndio mwanga ninaoupenda kuliko wote: jua linapiga ukuta wa jirani, ukuta unaurudisha laini usoni, na hakuna anayekunja macho. Nikagundua pia kwamba mcheza bao husahau kamera. Nilimvizia mzee mmoja aliyejaza kete kiganjani, mdomo wazi kidogo, anahesabu mashimo kwa macho. Kamera, kwa bahati mbaya, hudhani kila ilichoelekezwa ni cha kijivu. Ikiona kanzu nyeupe na ukuta mweupe hupunguza mwanga ili navyo viwe kijivu, na sura nyeusi iliyo katikati inazama. Mzee aliishika picha kwa mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza: "Umenipiga mimi au kanzu?" Kisha akatangaza kwamba nimemtia nuksi, kwa hiyo mchezo aliofungwa hauhesabiwi. Mshindi hakukubali, na hanisalimii mpaka leo.

Siku hizi napima mwanga usoni, kanzu nayo ijitegemee. Sokoni Mgandini ndiko sirudi: walidhani natoka halmashauri kwa mambo ya ushuru, nyanya zikafunikwa.

Aliyeniponya na tabia ya kuvizia ni Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio mwaka 1948, akapiga kwa mwanga wa jua uani, pazia lake la kwanza likiwa tandiko la kitanda chake. Kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Watu wake wote wamejipanga, wamevaa, wanajua. Na wote wako hai kwenye zile picha.

Nikaenda kwa mama wa bajia mchana kweupe, kamera shingoni, bila tepu.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya mazoezi."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kufanyiwa mazoezi." Lakini alishaanza kunawa mikono.

Nilimkalisha hatua moja ndani ya mlango wa mbele, uso barabarani, ukumbi mrefu ukiwa giza nyuma yake. Alijifunga kanga mpya, akainua kidevu, unga wa dengu umebaki kwenye nyusi moja. Sikusema neno. Nilipiga, nikamwambia tayari, asante, nikashusha kamera kifuani bila kuizima. Akashusha pumzi na mabega pamoja. Hapo mjukuu akapitisha mkono kwenye sinia. Bila hata kumtazama alimdaka sikio, bajia imeshaingia mdomoni, na bibi mtu kicheko kikamtoka mpaka jicho moja likafumba.

Nilisafisha zote mbili kwa ukubwa sawa, nikampelekea. Ya kidevu aliifuta kwa ncha ya kanga, akaiegemeza kwenye redio. Ya kicheko aliigeuza huku na huku, akanirudishia, akaanza kunifungia bajia kwenye gazeti.

"Hizi ni malipo ya ile ya kwanza," akasema. "Hiyo nyingine umejipigia mwenyewe."