Ukitaka Kuwa Sultani

Kama umeamka leo na hamu ya kuwa sultani, karibu. Ni cheo cha heshima, chenye historia ya karibu miaka elfu moja, ila kina masharti, na walioyapuuza waliyalipia. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Kwanza kabisa, usijiite mwenyewe. Katika karne za mwanzo za Uislamu mkubwa wa Waislamu alikuwa khalifa, na neno sultani lilikuwa na maana ya mamlaka tu, si mtu. Baadaye wakatokea wababe wenye majeshi kumshinda khalifa, na hao ndio waliokitaka cheo. Mahmud wa Ghazni, aliyefariki mwaka 1030, hutajwa miongoni mwa wa mwanzo kuitwa hivyo. Kisha mwaka 1055 Tughril Beg, mkuu wa Waturuki wa Seljuk, akaingia Baghdad na askari wake, na khalifa al-Qaim akamtambua kuwa sultani. Upanga ulikuwa wa Tughril, lakini jina alilipata kwa mzee asiyekuwa na jeshi la kumzuia. Mimi naona hapo ndipo penye siri yote ya cheo hiki: hata aliyeshinda vita alihitaji mwingine wa kumtaja.

Ukishatajwa, tafuta vitu viwili: jina lako lisomwe kwenye khutba ya Ijumaa, na lipigwe kwenye sarafu. Zama hizo hapakuwa na gazeti wala redio. Mtu wa kijijini alijua nani anatawala kwa kusikiliza mimbarini na kwa kuangalia alichorudishiwa sokoni. Mwanamke Shajar al-Durr alivipata vyote viwili mjini Cairo mwaka 1250, na kabla yake mwanamke mwingine, Razia, alitawala Delhi kuanzia mwaka 1236, kwa hiyo wewe dada unayesoma hapa, mwongozo huu ni wako pia.

Kwa upande wa sarafu, nenda ukajifunze Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zilizoandikwa pande zote mbili, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili sifa ya Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yakafuatana kwa vina. Watu wa pwani walitia vina hata kwenye fedha! Tano kati ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Jinsi zilivyofika huko watu wanabishana hadi leo.

Halafu utoe. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri na kumkabidhi zake. Watu walimsifu sana. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia sifa za watu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Soma tena hesabu hiyo. Ukarimu wa Abu al-Mawahib ulikuwa wa kweli, lakini zawadi yenyewe ilikuwa watu, na msimulizi huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akiwavamia majirani zake wa bara na kuteka. Anayekisifu cheo hiki bila kulitaja hilo anasimulia nusu.

Unguja inakufundisha sharti gumu zaidi. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake huko kutoka Muscat, alijiita Seyyid. Huyo Sultani anayeonekana katika jina lake, Said bin Sultan, ni baba yake mzazi. Cheo cha sultani kilikomaa kwa wanawe, wakati Waingereza wanaingia taratibu. Kufikia mwaka 1896 hakuna aliyekaa kwenye kiti bila ridhaa ya konseli wao. Khalid bin Barghash hakuingojea. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti, Khalid aliingia kasri akajitangaza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, muda aliopewa na Waingereza ukaisha na manowari zao zikafyatua mizinga. Haikufika saa moja kasri lilikuwa kifusi, na watu wapatao 500 wa upande wake wameuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, na baadaye Wajerumani wakamvusha kwa bahari hadi Dar es Salaam. Aliyewekwa mahali pake, Hamoud bin Muhammed, alipata kiti, lakini cheo kilichotolewa na manowari ya mgeni ni cheo cha kukodi.

Mwisho, jua kwamba cheo hufutika. Waturuki walikifuta tarehe 1 Novemba 1922. Mohammed wa Tano wa Morocco alikiacha mwaka 1957 akachukua cha mfalme. Zanzibar kilikwisha tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, na Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka na kuishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne.

Kama bado una nia, nafasi zilizopo ni hizi. Nchi huru zinazoongozwa na sultani zimebaki mbili, Oman na Brunei. Malaysia ina majimbo saba yenye masultani, nao pamoja na watawala wenzao wawili hupokezana ufalme wa nchi kila miaka mitano. Sokoto na Yogyakarta nako cheo kingali hai. Zote zina wenyewe.