Hotuba Rasmi ya Kufunga Mjadala wa Datsun Bora Kuliko Zote

Waheshimiwa wageni, wapenzi wa usukani, na ninyi wa viti vya nyuma mliovutwa na harufu ya sambusa, karibuni. Baraza la wajuzi wa magari, ambalo mwenyekiti wake ni mimi, katibu wake ni mimi, na ambalo halijawahi kukosa akidi, limeniamuru nifunge mjadala uliowatesa watu vijiweni kwa miaka mingi: kati ya magari yote ambayo timu ya Datsun iliyaleta kwenye mbio za Safari Rally, lipi ndilo kuu? Wengi wenu midomo imeshafunguka kutamka 240Z. Ifungeni. Jibu ni Violet, lile linaloitwa pia 160J, gari ambalo likipita mtaani hata mbwa hageuki. Najua wapo watakaohoji sifa zangu. Leseni ya udereva sijapata kuona haja ya kuiomba, maana hata mnajimu hajafika mwezini na bado mnafunga na kufungua kwa hesabu zake.

Tuanze na msingi, kwa faida ya wachanga katika fani. Safari ilizaliwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikazoeleka kuwa shughuli ya Pasaka, wakati masika yameshaanza kugeuza barabara kuwa uji. Barabara zenyewe hazikufungwa. Ng'ombe, malori na mabasi waliendelea na shughuli zao kama kawaida. Dereva aliyechelewa kufika kituo cha ukaguzi alitozwa adhabu kwa dakika alizochelewa, na mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Hapo ndipo wasio wasomi wanapopotea. Wanadhani Safari ilimtafuta anayekimbia sana, kumbe ilimtafuta anayechelewa kidogo kuliko wenzake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Ni mwaka huohuo Datsun ilipojitosa kwa mara ya kwanza, na Wajapani, watu wa hesabu, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba gari linalofika limeshayapita mengi bila kuyapita barabarani.

Imani yao ilitangulia ushahidi. Mwaka 1969 huko Japani ilitoka filamu kuhusu Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara, na gari ni Bluebird. Ushindi wenyewe ulikuja mwaka uliofuata, Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller wakiwa ndani ya 1600SSS. Naiheshimu sana timu inayoanza na sinema kisha ikaleta tukio. Hata hivyo 1600SSS tuiweke kando. Ilifungua mlango, na mfungua mlango hakai meza kuu.

Sasa tuikabili 240Z, mrembo wenu. Boneti ndefu isiyo na mwisho, viti viwili, injini ya silinda sita yenye lita 2.4. Mwaka 1971 ilishika nafasi ya kwanza kwa Herrmann na ya pili kwa Shekhar Mehta, na picha zake zimetumika kuwapoteza vijana wenye akili timamu hadi leo. Sikatai ushindi huo. Msomi hakatai matokeo, huyafasiri. Mwaka 1972 taji lilichukuliwa na Hannu Mikkola kwa Ford Escort. Mwaka 1973 240Z ikashinda tena, safari hii kwa Mehta, na wafuasi wake wanapofika hapa husimama kupiga makofi na kusahau kusoma mstari wa pili wa matokeo. Mimi nimeusoma. Unasema kwamba Mehta alimaliza akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström, na Källström alikuwa ndani ya Datsun 1800SSS, mtoto wa ukoo wa Bluebird, gari la watu wa kazini. Baada ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi, gari la michezo la silinda sita halikuweza kulizidi la silinda nne hata kwa dakika moja ya adhabu! Ilibidi kanuni itafutwe: nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Kanuni ikampa Mehta. Haki imetendeka, ila urembo ulishikwa shati palepale.

Ndipo inaingia Violet. Itazameni, kama mnaweza kuitazama kwa muda mrefu bila kupiga miayo. Ni kisanduku juu ya kisanduku. Injini silinda nne, takriban lita mbili, inasukuma magurudumu ya nyuma. Na hapo nyuma ndipo palipolala hekima yote: ekseli moja ngumu, kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, wakati 240Z na 1600SSS kabla yake zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na vyuma vyake, maungio yake na manung'uniko yake. Kwa vitabu vya uhandisi, timu ilirudi nyuma. Kwa fundi aliyelala chali kwenye tope saa nane za usiku, spana mkononi na tochi mdomoni, timu ilisonga mbele sana, maana kisichokuwepo hakilegei. Ongezeni bomba za chuma za kukinga mbele, taa kubwa, bamba la kulinda tumbo la injini, na mmeipata Violet yote.

Matokeo yake? Mehta na mwelekezi wake Mike Doughty walishinda mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, ule wa mwisho jina la Nissan likiwa limeanza kuchukua nafasi ya Datsun. Rudieni kuisoma orodha hiyo polepole, inapendeza.

Nasikia minong'ono. Wa kwanza anasema ushindani ulikuwa dhaifu. Dhaifu? Mwaka 1979 aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Mikkola yuleyule, ndani ya Mercedes 450SLC yenye silinda nane, lita tano na giaboksi inayojibadilisha yenyewe, gari la kumpeleka balozi kwenye dhifa. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl na Opel Ascona 400, na Röhrl huyo aliumaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia. Kama hao ndio dhaifu, naomba nitajiwe wenye nguvu.

Wa pili anadai aliyeshinda ni Mehta, si gari. Hoja hii ina mshiko, kwa hiyo nitaijibu kwa haraka zaidi. Rauno Aaltonen, Mfini ambaye hakupata kushinda Safari maishani mwake, alikuwa wa pili mwaka 1980 na 1981 ndani ya Datsun hizohizo. Timo Salonen naye, kwa Violet hiyohiyo, alishinda New Zealand mwaka 1980 na Ivory Coast mwaka 1981, na mahali pote hapo Mehta hakumshikia usukani. Na Mehta mwenyewe, alipohamia magari mengine baada ya Violet, Safari hakuishinda tena. Msinikumbushe kwamba alishinda 1973 kwa 240Z, hilo nimeshalifasiri.

Wa tatu, mwenye miwani, anauliza kwa nini basi Datsun haikutwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Ilikuwa ya pili mwaka 1979 nyuma ya Ford, ya pili 1980 nyuma ya Fiat, ya pili 1981 nyuma ya Talbot. Ndugu yangu, ubingwa huo ulihesabiwa pamoja na lami ya Monte Carlo na Corsica, na baraza langu halitambui lami kama kipimo cha utu wa gari.

Kuna pia wa kuniletea Audi Quattro, kwamba Violet iliponea kwa sababu Audi hiyo, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, haikuwahi kupambana nayo Safari. Kweli, Audi ilifika 1983, timu ikiwa imeshaiacha Violet. Ila mwaka huo Audi zilikuwa ya pili na ya tatu, na aliyeshinda ni Ari Vatanen kwa Opel inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Violet. Nissan nayo ilikuja na 240RS, kali zaidi na ghali zaidi, na 240RS haikushinda Safari hata mara moja.

Baraza limeamua: Violet kwanza, 1600SSS ya pili, na 240Z iendelee kupamba kalenda. Tangu mwaka 1953 hadi leo, zaidi ya Mehta ndani ya Violet, hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara nne mfululizo. Mwenye pingamizi anyooshe mkono, kisha aushushe.