Vitafunio Visivyojua Moto

Miongoni mwa neema ambazo watu wa nchi za baridi wamejaaliwa, na sisi wa pwani tumenyimwa, ni hewa inayogandisha chakula bila ya kuombwa. Ndiyo maana akina mama wa Marekani, ifikapo Desemba na sikukuu zao, huweza kuchanganya oti, siagi ya njugu, asali na punje za chokoleti katika bakuli moja, wakafinyanga vidonge vya kiasi cha ndimu, wakaviweka katika friji kwa muda wa nusu saa, kisha wakawakaribisha wageni wao kwa bashasha, ilhali meko yao hayakuona hata njiti ya kibiriti. Sina ugomvi na akina mama hao. Ugomvi wangu, ukiwa ni ugomvi, ni na dhana ya kuwa jambo hilo laweza kukunjwa pamoja na nguo, likasafirishwa hata Unguja, likakunjuliwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, na likatii kwetu sawa na lilivyotii kwao.

Aliyelikunja ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyerejea kutoka masomoni huko Marekani akiwa na shahada, masanduku mawili na huruma nyingi. Huruma hiyo ilimzidi nguvu alipomwona bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi, ameinamia seredani, mkono mmoja ukikaanga visheti na wa pili ukipunga kipepeo, vileja vya unga wa mchele vikingoja zamu yao pembeni, na halua imekwisha kuagizwa sokoni kwa kuwa nyumbani hapakuwa tena na mtu mwenye mabega ya kuisonga.

"Bibi," akasema, "Idi hii wewe pumzika. Nitafanya mimi vitafunio, na vyangu havipikwi."

Mama alimtazama kitambo. "Havipikwi? Basi ni maembe."

Mpango wenyewe, uliposomwa mbele ya jamaa, ulikuwa mfupi na wa kutamanisha: kikombe kimoja cha oti, nusu kikombe cha siagi ya njugu, nusu cha chokoleti na theluthi ya asali. Hata mtoto wa chuoni angeuhifadhi kwa kusikia mara moja. Lakini kikombe cha Marekani ni kipimo maalumu, pungufu kidogo ya robo lita, na kikombe kinachotambulikana nyumbani kwetu ni kile cha kahawa, ambacho mtu mwenye adabu hukimaliza kwa mafunda machache na asiye na adabu kwa moja. Mama, ambaye hakukubali kukaa bure hata kwa amri ya mjukuu, alipima oti kwa kikombe cha kahawa. Mpwa wangu, aliyekuwa upande wa pili wa meza, alipima asali kwa bilauri. Na kila mmoja alikuwa na yakini kamili kwamba anafuata maandishi. Asali nayo ni kitu chenye tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na katika Unguja ya mwezi wa Machi, wakati kaskazi imekwisha kuchoka na masika yanabisha hodi, unyevu wa hewa haujapata kuadimika.

Ikaja zamu ya siagi ya njugu. Makopo yalikuwa yamekwisha dukani, kwa hiyo tulinunua njugu mbichi, na njugu mbichi hazina budi kukaangwa, na hivyo moto uliofukuzwa kwa heshima zote mlango wa mbele ukaingia kwa mlango wa uani na kukaa mahali pake pa siku zote. Zilipopoa zikatiwa katika mashine ya kusagia, mashine ikavuma kidogo, umeme ukakatika. Kikatolewa kinu. Vitafunio visivyopikwa vikawa vimekwisha kukaangwa na kutwangwa, na mama alikuwa hajapumzika bado.

Tofauti kati ya siagi ya kopo na ya kinuni si ya mchezo. Tangu miaka ya 1920 wenye viwanda vya Marekani walipata hila ya kutia humo mafuta yaliyotiwa hidrojeni hata yakawa mazito, ili yasijitenge na njugu yakaelea juu. Ya kinuni haina hila hiyo. Mafuta yake hupanda yapendavyo, na mafuta ya njugu hayaanzi kuganda mpaka baridi ikaribie nyuzi 3, baridi ambayo Unguja haijapata kuionja tangu kuumbwa kwake.

Wala si mara ya kwanza njugu kumtahayarisha mwenye mpango katika upande huu wa dunia. Mwaka 1947 Waingereza, ambao vita vilikuwa vimewaachia uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, walifika Kongwa katika Tanganyika na azma ya kulima njugu katika ekari zaidi ya milioni tatu, kwa hesabu zilizopangwa vizuri sana huko London. Walileta matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kazi, na mibuyu na mizizi ya vichaka ikayavunja. Mvua zilipokoma udongo wa pale ukawa mgumu hata njugu zikakataa kung'oka. Na mwezi wa Januari 1951, baada ya kuteketea pauni zipatazo milioni 36, serikali yao ikatangaza kuwa mradi umekufa, mavuno yakiwa hayakufikia hata mbegu zilizonunuliwa. Nilimsimulia mpwa wangu habari hii alipokuwa akitwanga, nikitaraji kumliwaza. Hakuliwazika. Aliniuliza kama mjomba wake anayo mikono ya kumpokea mchi.

Ulikuwa ni usiku wa ishirini na tisa, usiku ambao nyumba nzima hukaa katikati ya futari na Idi bila ya kujua iko upande gani, sikio moja likiwa redioni na jingine barabarani. Umeme ulirejea. Kwa auni ya mikono mingi tulifinyanga rojo ile, iliyokuwa ikitutoka baina ya vidole na kurudi sinia­ni kwa hiari yake, tukaipanga katika safu na kuiingiza katika friji. Mwezi ukatangazwa kuwa umeandama, watoto wakapiga mayowe, na umeme, ambao labda nao ulitaka kwenda kuuona mwezi, ukaondoka tena.

Mimi nikakabidhiwa ulinzi wa mlango wa friji. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi lau kila mtu wa nyumba ile asingeona ni wajibu wake kuufungua kidogo tu, ili kuhakikisha kwamba baridi haijatoka. Katika giza lile nilipata wasaa wa kufanya hesabu ambayo sikuwa nimeifanya mchana. Oti zile, ambazo kopo lake lilikuwa na picha ya mzee wa makamo mwenye kofia pana na tabasamu isiyojua taabu, hazikutoka shambani zikiwa bapa: zilipikwa kwa mvuke kiwandani, kisha zikabanwa baina ya magurudumu ya chuma. Kakao iliyozaa chokoleti ilikaangwa. Njugu zilikaangwa mbele ya macho yangu. Na baridi yenyewe tuliyokuwa tukiilinda hutufikia Unguja kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hata Fumba, umeme wake ukizalishwa bara, na sehemu yake kwa kuunguza gesi ya Songo Songo. Ikanidhihirikia ya kuwa vitafunio vya mpwa wangu vimeunguza zaidi kuliko visheti vya mama yangu, ila kwa adabu ya mbali, mahali ambapo moshi wake haumwingii mtu machoni. Na moto wa karibu una fadhila moja ambayo wa mbali hauna, kwamba ukizimika unajua ni nani wa kumwita. Sisi tulioishi hapa tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, miezi mitatu waya ule ulipoharibika na kisiwa kizima kikakaa kizani, twaliheshimu friji, lakini hatuliwekei amana.

Asubuhi ya Idi Mosi, baada ya sala, mlango ulifunguliwa rasmi. Safu zote zilikuwa zimekwisha kusahau kuwa ni safu. Ndani ya sinia palikuwa na ziwa la rangi ya kahawia, lenye kung'aa, na oti chache zikielea kwa utulivu, na harufu, lazima niseme kweli, ilikuwa nzuri mno. Chokoleti huyeyuka katika nyuzi 34 hivi, na jikoni mwetu saa ile hapakuwa mbali na hapo. Mpwa wangu alisimama kimya katika kanzu yake mpya. Mama hakumlaumu kwa neno hata moja. Alijifunga kanga, akawasha makaa, akabandika sufuria, akatia sukari.

Sukari ikipikwa hata ikayeyuka na kuanza kugeuka rangi huwa imepita nyuzi 150, na ikipoa hukaza yenyewe, pasi na friji wala waya wala idhini ya mtu yeyote. Na kwa sababu hiyo kashata hukaa juu ya kichanja cha muuzaji tangu alasiri hata usiku na zisijute. Mama alilimimina ziwa lote juu ya sukari ile, akasonga kwa mwiko mpaka oti zikatoa harufu ya kukaangwa, akatupa hiliki, akaitandaza sinia­ni palipopakwa samli, akaikata hanamu kwa kisu kabla haijapoa. Wageni wa kwanza walipobisha hodi zilikuwa zimekwisha kupangwa sahanini, ngumu, zenye fahari.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye heshima zake na meno yake machache, alitwaa kipande, kisha kingine, kisha akauliza ni kitu gani. Mpwa wangu, ambaye hajui kusema uongo, akajibu kwa sauti ndogo kwamba asili yake ni vitafunio vya Marekani visivyopikwa. Mzee akafurahi kupita kiasi. Mtungi wa gesi, akasema, umekuwa ghali hata unaogopa kuutazama, na kitu kitamu namna hii ambacho hakili gesi ni lazima mkewe akijue leo hii kabla ya adhuhuri. Akaomba kalamu na karatasi. Binti akafumbua kinywa ili aeleze yaliyotokea, lakini bibi yake akamkanyaga mguu chini ya meza na kuisoma kanuni yeye mwenyewe, polepole, ili mzee apate kuandika:

"Oti, siagi ya njugu, asali na chokoleti. Changanya. Tia katika friji, ulale. Ukiamka, bandika sufuria."